Inama Uone Mkuku: Niliyowaambia Wapenzi wa Kompyuta wa Lamu

Haya ni maneno niliyoyasema usiku wa Alhamisi, 31 Julai 2025, juu ya dari pale Mkomani. Ndugu zetu wa Faza na Kizingitini hawakuweza kuvuka kwa sababu ya kusi, na wa Mokowe iliwabidi kuondoka kabla hatujamaliza, kuwahi boti. Nimeyaandika kwa ajili yao, kama yalivyotoka mdomoni. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Asalam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masalkheri wazee wangu. Masalkheri mama zangu na dada zangu. Na nyinyi vijana mliokaa kwenye ukingo wa dari, sogeeni ndani kidogo, nafasi ipo na upepo wa leo si wa kuchezea.

Mnaikumbuka ile Jumatatu, tarehe 9 Juni? Idi kubwa ilikuwa imepita siku chache tu, majumba bado yananukia nyama ya kuchoma. Saa mbili usiku tulikuwa hapahapa, kompyuta moja, bando la kuchanga, tukiwatazama Apple kule California wakitangaza mfumo mpya wa kompyuta zao, macOS Tahoe. Mnakumbuka vile vitufe vya kioo, vinavyopitisha rangi ya kilicho nyuma yake? Liquid Glass, wenyewe wanakiita. Mmoja wenu alisema ni kama kuangalia chini ya maji pale mkondo wa Manda asubuhi maji yakiwa yametulia. Mwingine akasema maandishi hayasomeki, mama yake hataweza kuona kitu. Mkabishana, na mimi nikafurahi, kwa sababu nyote wawili mlikuwa na haki. Ni kizuri, na kweli hakisomeki vizuri. Dunia nzima ililalamika hivyohivyo, na kwenye matoleo ya majaribio yaliyofuata Apple walianza kuupunguza ule uwazi.

Lakini niwaulize. Ni nani kati yenu aliyeisikia sentensi kubwa kuliko zote ya siku ile?

Hakuna. Na si kosa lenu, kwa sababu haikusemwa kwenye lile onyesho. Ilisemwa baadaye, katika kikao cha waundaji wa programu, kilichoanza kwa saa zetu kama saa tano usiku, wakati tumeshakunja mikeka. Sentensi yenyewe ni hii: Tahoe ndiyo toleo la mwisho litakalofanya kazi kwenye Mac, yaani kompyuta za Apple, zenye prosesa ya kampuni ya Intel. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Vioo vilipewa saa nzima na nusu ya sherehe. Sentensi ile ilipewa dakika.

Usiku huu nataka kuzungumzia sentensi za namna ile. Nimekaa na kompyuta za mji huu miaka mingi, nimezifungua, nimezifuta chumvi, nimezizika nyingine. Na nimeona kwamba matangazo haya hayasemi na sisi. Yanasema na mnunuzi wa kwanza, yule anayelifungua sanduku, anayeng'oa ile karatasi ya plastiki kwenye skrini. Sisi hapa ni nani? Ni wenye mashine wa pili. Wa tatu. Wengine wa nne. Kompyuta inatumika ofisini Uingereza miaka minne, inashushwa Mombasa, inauzwa, inapanda basi, inavuka Mokowe, inabebwa na punda mpaka mlangoni kwako. Mashine inayotangazwa mwaka huu ndiyo mtumba wetu wa mwaka 2030. Kwa hiyo tangazo linatuhusu sana, kuliko linavyomhusu yeye. Yeye atabadilisha. Sisi tutaishi nayo.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa vyombo Matondoni. Mtu akitaka kununua mashua humchukua yeye aende akaitazame. Nilifuatana naye mara moja nikiwa mdogo. Mwenye mashua alikuwa ametweka tanga jipya, jeupe, na ubavuni amepaka rangi ya buluu na nyekundu. Watu wote pale ufuoni walikuwa wanaisifu. Mjomba hakulitazama tanga. Alisema tutarudi siku ya bamvua. Tukarudi maji yalipotoka, mashua imekaa mchangani, akalala chini kifudifudi kabisa, kanzu yake ikalowa, akawa anapapasa mkuku, ule mti wa chini kabisa unaoibeba mashua, kwa kiganja na kubonyeza kalfati za kuziba nafasi za mbao kwa kidole gumba. Alipoinuka alisema neno moja tu kwa yule mnunuzi: "Usinunue." Kwenye mkuku palikuwa na kiraka kilichofichwa kwa shahamu.

Basi wanangu, tanga mmeshaliona. Tusubiri bamvua, tuiname.

Nianze na hiyo Intel. Apple walitangaza kuhama kutoka Intel kwenda kwenye chipu zao wenyewe mwezi Juni 2020, na Novemba mwaka huohuo zikatoka Mac za kwanza zenye chipu hizo, za M1. Hapo kila mtu alijua Intel ina mwisho. Lakini Mac Pro yenye Intel, ile kompyuta ya mezani kubwa ya bei ya kuanzia dola 5,999, iliendelea kuuzwa mpaka Juni 2023. Aliyeinunua siku za mwisho ameambiwa mwaka huu, miaka miwili baadaye, kwamba toleo linalokuja ni la mwisho kwake. Na zile Mac za Intel zitakazoipata Tahoe ni aina nne tu, nyingine hata hiyo haziipati.

Siku ya pili ya tangazo la Tahoe binti mmoja alikuja dukani kwangu anakimbia. Anahariri video za harusi, wengi wenu mnamjua kwa kazi yake, na harusi za Lamu mnazijua, siku zake si moja. Ana iMac ya inchi 27 ya mwaka 2020, ameinunua mtumba kwa jasho lake. Akaniambia, "Fundi, nimesoma imekufa. Niiuze kabla watu hawajajua?"

Nikamwambia keti kwanza, unywe maji. Jana iMac yako ilikuwa inamaliza video ya saa moja kwa muda gani? Akataja. Na leo? Muda uleule. Tangazo halikugusa prosesa yake. Ataipata Tahoe, na Apple wamesema Mac hizo za Intel zitaendelea kupewa masasisho ya usalama kwa miaka mitatu baada ya hapo. Halafu nikaigeuza iMac yenyewe nikamwonyesha kitu ambacho hakuwahi kukiona tangu ainunue: nyuma, juu ya tundu la waya wa umeme, kuna kifuniko kidogo. Unakifungua, unatoa ramu, ile kumbukumbu ambayo kompyuta huitumia ikiwa kazini, unatia nyingine. Alikuwa na gigabaiti 8. Tukampandisha hadi 32. Akarudi baada ya wiki ananiambia mashine imefufuka.

Kumbukeni hicho kifuniko, tutakirudia.

Sasa tuje kwa jambo linalowagusa wengi, maana wenye Mac hapa tunahesabiana. Ni nani ambaye kompyuta yake ina Windows 10? Nyanyueni mikono. Juu, niwaone. Hebu geukeni mtazame nyuma. Mnaona? Karibu dari nzima.

Jumanne, 14 Oktoba 2025. Siku hiyo Microsoft inaacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta zenu hazitazimika, nawahakikishia. Jumatano asubuhi utaibonyeza na itawaka kama kawaida. Lakini kila tundu la usalama litakalogunduliwa baada ya siku hiyo litabaki wazi kwako, na wezi wa mitandaoni wanaisubiri tarehe hiyo kama sisi tunavyousubiri mwezi.

Mambo haya hayakuanza mwaka huu. Yalianza 24 Juni 2021, siku Windows 11 ilipotangazwa. Mlizungumzia nini siku ile? Mimi nakumbuka. Menyu imehamia katikati! Pembe za madirisha zimekuwa za mviringo! Wengine wakaapa hawataigusa kwa ajili ya ile menyu. Na mkuku ulikuwa chini, kwenye orodha ya masharti: TPM 2.0, Secure Boot, prosesa ya Intel ya kizazi cha 8, au kwa prosesa za kampuni ya AMD, Ryzen za mfululizo wa 2000. Kizazi cha 8 cha Intel kilitoka 2017. Kwa maana hiyo kompyuta iliyonunuliwa mpya miaka mitano tu kabla ya tangazo ilikuwa imeshaachwa gatini. Microsoft ilitoa programu ndogo ya kuikagua mashine yako, ikawa inawajibu watu "haiwezi" bila kusema kwa nini. Wapenzi wa kompyuta walipiga kelele mpaka ikaondolewa baada ya siku chache, na iliporudi ikawa inataja sababu.

Niwe mkweli, masharti yale yana maana. TPM ni mahali pa kuwekea funguo za siri, mahali ambapo programu mbaya haifiki kwa urahisi. Secure Boot inahakikisha kwamba kinachoamka kwanza kompyuta inapowashwa ni kile kilichotiwa saini, si jambazi aliyetangulia kuingia. Nimeshaona mashine zilizoambukizwa mpaka huko chini kabisa, na kuzisafisha ni kazi ya kutoa machozi. Ugomvi wangu si na kufuli. Ugomvi wangu ni na anayesema mlango usiokuwa na kufuli hiyo ubomolewe pamoja na nyumba.

Maana hayo ndiyo yaliyotaka kutokea hapa hapa kwetu. Mwezi wa Mei mzee mmoja wa kamati ya darasa la kompyuta alikuja na karatasi mkononi. Darasa lao lina kompyuta tisa za mezani, zilizonunuliwa kwa michango, watu wazima na watoto wanajifunza pale. Muuzaji mmoja alikuwa amepita, amezitazama kwa macho, akawaandikia: zote tisa zitupwe, nunueni tisa mpya kabla ya Oktoba. Mzee alikuwa amesononeka. Aliniambia, "Mwanangu, ule mchango tuliuomba nyumba kwa nyumba. Nitarudije kwa watu walewale?"

Nikamwomba alasiri moja.

Nilikwenda na bisibisi, brashi, spiriti na ufutio wa penseli. Nilizifungua zote tisa. Vumbi mnajua wenyewe. Chumvi mnajua wenyewe. Ndani ya pawasaplai moja, kile kisanduku cha kuingizia umeme, nilikuta mayai ya mjusi. Mbili kati ya zile tisa zilikuwa na prosesa ya kizazi cha 8, na TPM ilikuwamo ndani ya prosesa yenyewe, imezimwa tu. Intel wanaiita PTT. Ukiingia kwenye mipangilio ile ya kabla mfumo haujawaka, unaiwasha, unahifadhi, unatoka. Dakika tano. Kwa AMD itafuteni kwa jina la fTPM. Mbili zikakubali Windows 11 bila senti moja kutoka mfukoni kwa mtu. Na yule muuzaji alikuwa ameziandikia kifo.

Saba zilizobaki zilikuwa za kizazi cha 6. Hizo kwa masharti ya Microsoft haziingii. Nikamwuliza mzee, watu hapa wanajifunza nini? Kuandika barua, majedwali ya hesabu, kutumia barua pepe, kutafuta habari. Nikamwambia hizi saba zina kazi bado. Tukanunua SSD saba ndogo, yaani diski zisizo na kitu kinachozunguka, kwa sababu kinachoifanya kompyuta ya zamani iwe nzito mara nyingi ni ile diski ya kuzunguka, na hilo nalisema kila siku. Ramu nilizitoa, nikasugua meno yake ya shaba kwa ufutio, nikarudisha. Kisha nikaweka Linux Mint, mfumo wa kompyuta wa kushika nafasi ya Windows, ambao ni wa bure, unapata masasisho ya usalama, na mtu aliyezoea Windows hapotei. Humo mna LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu. Na kuna jambo vijana wengi hamlijui: zamani sana, mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa programu ya ofisi ya namna hiyohiyo kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Watu wetu walikaa wakatafuta neno la Kiswahili kwa kila amri ya menyu. Kila nikifikiria kazi ile moyo wangu hujaa.

Je, kila kitu kilikwenda sawa? Hapana. Mwalimu alikuwa na programu moja ya mahesabu ya ada ambayo haikukubali kabisa kwenye Linux. Nilijaribu siku mbili, nikashindwa. Tukaihamishia kwenye mojawapo ya zile mbili za Windows 11, na hapo ndipo ilipo. Ukihamia Linux, orodhesha kwanza programu unazozitegemea. Usije kunilaumu baadaye.

Kwa asiyetaka kuhama wala hana uwezo wa kununua, ipo njia ya tatu. Microsoft itaendelea kuwapa watu wa kawaida masasisho ya usalama ya Windows 10 kwa mwaka mmoja zaidi, hadi 13 Oktoba 2026. Mwanzoni walisema dola 30. Mwezi uliopita, 24 Juni, wakaongeza njia za kuyapata bila kulipa fedha, mojawapo ni kukubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Huo ni mwaka mzima wa kujichangisha. Utumieni.

Sasa kile kifuniko cha iMac.

Oktoba mwaka jana Apple walitangaza Mac mini yenye chipu ya M4. Kiboksi cha sentimita 12.7 kwa 12.7, kinatoshea kwenye kidaka ukutani. Dola 599. Mnakumbuka tulibishana nini? Kitufe cha kuwashia! Wamekiweka chini, ulazimike kuinua kiboksi ndipo ukiwashe. Wiki nzima, kitufe. Mimi mwenyewe nilizungumza sana habari za kile kitufe.

Lakini siku ileile kulikuwa na jambo zito zaidi: ramu ya kuanzia iliruka kutoka gigabaiti 8 hadi 16, na bei haikupanda. Kwa miaka mingi wapenzi wa kompyuta walikuwa wanasema 8 haitoshi. Wakaambiwa inatosha. Wakasema haitoshi. Na mwishowe 16 ikaja. Kwa nini jambo hili ni kubwa kwetu kuliko kwa mtu wa California? Kwa sababu ramu ya mashine hii imeunganishwa na chipu yenyewe. Hakuna kifuniko. Kiasi kilichochaguliwa na mnunuzi wa kwanza, siku ya kwanza, ndicho utakachokuwa nacho wewe mwaka 2030, na aliyekuuzia, na utakayemwuzia. Yeye alibana dola mia mbili, wewe unafungwa miaka sita.

Kwa hiyo mkisikia tangazo la kompyuta ya mezani, kasi iacheni kwanza. Ulizeni: ramu inatoka? Diski inatoka? Pawasaplai ni ya kawaida, au ni ya umbo lao peke yao isiyopatikana Mombasa? Mji wetu una chumvi hewani mwaka mzima. Kitu kitaharibika. Swali ni kama kitaharibika kipande au itaharibika mashine nzima.

Na hapa nisieleweke vibaya. Ninavipenda vitu vipya. Mara ya kwanza nilipoiweka Mac mini ya M1 mezani kwangu, mwezi wa Februari, kaskazi imetulia na joto limeshika, nilisubiri feni ianze kulia. Haikulia. Nikaweka mkono juu yake, baridi. Inakula umeme kidogo mno, hata umeme ulipokatika UPS yangu ndogo, ile betri ya akiba, ambayo mashine yangu kubwa huimaliza kwa dakika chache, iliishikilia mpaka nikamaliza kazi na kuizima kwa utulivu. Kwa mji wenye joto na umeme wa kukatika, ile ni neema. Niliwaza siku nyingi kwa nini hawakutuambia hivyo kwenye tangazo, wakatuambia mambo ya michezo na sinema. Ni kwa sababu hawakuwa wanasema na sisi.

La mwisho, na hili ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Tarehe 20 Mei 2024 Microsoft walitangaza kompyuta za aina mpya, Copilot+. Masharti yake: ramu gigabaiti 16, diski gigabaiti 256, na chipu ya akili mnemba, NPU, inayofanya operesheni trilioni 40 kwa sekunde. Watu wakazungumzia hizo trilioni. Pamoja nazo wakatangaza kitu kinaitwa Recall. Kinafanya nini? Kila baada ya sekunde chache kinapiga picha ya skrini yako, kinaihifadhi ndani ya kompyuta, ili siku ukisema "niliona wapi ile habari ya mbao," kikutafutie. Ukisikia harakaharaka ni kitu kizuri. Mimi mwenyewe husahau nilipoweka mafaili.

Sasa wazee wangu, nyumba zetu zimejengwaje? Mgeni anafika anapiga hodi, anakaa kwenye daka, barazani nje ya mlango. Ukimjua zaidi anaingia, anapelekwa sabule, chumba cha wageni. Na ndani, kule kwenye zidaka, kule wanakokaa mama zetu, anafika nani? Mwenyewe tu. Babu zetu walijenga ukuta wa matumbawe upana wa dhiraa ili siri ya nyumba ibaki ndani. Hata mlango wa nje hautazamani moja kwa moja na ua. Unaingia, unapinda.

Recall ni mgeni aliyepita daka, akapita sabule, akaenda kukaa ndani, na mkononi ana kamera.

Yuko mama mmoja Langoni, sote tunamheshimu, simtaji. Ana kompyuta moja ya mezani na printa. Watu wanamwendea awafanyie mambo ya eCitizen, awajazie fomu za kodi za KRA, awaandikie barua. Siku moja nilikuwa pale namtengenezea kibodi. Katika saa moja nilisikia: mwanamke anaandikisha barua kwa kadhi juu ya mumewe. Kijana anafungua majibu yake ya hospitali. Mzee anataja nambari ya kitambulisho na nambari ya siri kwa sauti, kwa sababu hasikii vizuri. Yule mama akimaliza kila mtu, anafuta, anafunga dirisha, anageuza kiti anasema, "Haya, limeisha, halipo tena." Hiyo ndiyo amana yake. Ndiyo sababu watu wanamwendea.

Sasa mwekeeni yule mama kompyuta inayopiga picha kila sekunde chache. Je, ataweza kusema tena "halipo"?

Waliotengeneza Recall walifikiria mtu mmoja na kompyuta yake, mlango umefungwa. Hawakufikiria kompyuta moja na mtaa mzima. Na hapo ndipo wapenzi wa kompyuta walipofanya jambo ambalo mimi nalionea fahari, ijapokuwa sikuwamo. Mtafiti wa usalama Kevin Beaumont, aliyewahi kufanya kazi hukohuko Microsoft, aliipata Recall kabla haijatoka, akaichungulia, akaonyesha kwamba maneno yote yaliyosomwa kutoka kwenye zile picha yanakaa katika hifadhidata ya kawaida ambayo programu mbaya ikiingia inayasoma bila tabu. Wengine wakaunga. Kelele zikawa kubwa. Tarehe 7 Juni Microsoft wakasema haitawashwa mpaka mwenyewe akubali, na itadai uso au kidole chako kabla ya kufunguka. Tarehe 13, siku tano kabla ya mashine kuuzwa, wakaiahirisha kabisa. Ilikuja kutoka Aprili mwaka huu, ikiwa imefungwa kwa kufuli ambazo mwanzoni hazikuwapo.

Wanasema sisi tunaopiga kelele kila tangazo likitoka ni watu wasio na kazi. Nimeambiwa hivyo, na nyinyi mmeambiwa. Lakini tazameni: wiki tatu za kelele, na mgeni akatolewa ndani akarudishwa daka. Angalau sasa anapiga hodi.

Kazi bado ipo. Mashine hizo zitakuja Lamu. Zitakuja zimeshatumika, zimeshawashwa, mmiliki wa kwanza ameshakubali hili na lile. Yule mama atauziwa moja na mtu atakayemwambia ina trilioni 40. Ni nani atakayekuwa amekaa kando yake kuangalia kilichowashwa? Ni mmoja wenu. Kwa hiyo kompyuta yoyote ya mtumba ikiingia mikononi mwenu, msimkabidhi mtu ikiwa na mfumo aliouacha mwenye kwanza. Futeni, wekeni upya, ingieni kwenye mipangilio ya faragha kabla ya kitu kingine chochote. Na mwenyewe awe amekaa hapo anaona, aulizwe kila swali kwa Kiswahili, ajibu mwenyewe.

Naona ndugu wa Mokowe wanaanza kuangalia saa, sitawachelewesha. Kijana pale nyuma aliniuliza kabla hatujaanza kama nitaweka hapa orodha ya mashine za kununua. Sitaweka. Nitafanya hivi: Jumamosi ijayo, baada ya alasiri, nitakuwa hapahapa na flashi mbili, moja ya Linux Mint, moja ya Windows 11. Kila aliyenyanyua mkono kwa Windows 10 aje na mashine yake. Za mezani leteni kiboksi tu, skrini ipo. Tutaziangalia moja moja kama zina TPM iliyolala. Za darasa la kompyuta zimeshamalizika, kwa hiyo mzee wangu wewe njoo tu unywe kahawa. Ufutio leteni wenyewe, wangu umeisha.

Na yule mama wa Langoni tutamwendea sisi, asibebe kitu. Nani atafuatana nami? Wewe? Na wewe? Haya, watatu wanatosha.

Ahsanteni sana. Waliokaa karibu na ngazi, tafadhali wapisheni wazee watangulie.